Umeitwa kuhesabu, hujaitwa kuwasha: kwa mnaoanza kuthamini magari ya kale huku Marekani

Wadogo zangu habari zenu. Naandika hii kwa nyie mnaoanza kazi ya magari ya kale huku Marekani, hasa vijana wetu wa Ohio na Michigan ambao mmetokea gereji za kawaida mkaona hii ya magari ya zamani ina heshima na hela yake sio mbaya. Kila baada ya wiki mbili tatu napigiwa simu, "kaka, kuna bibi jirani yetu ana Cadillac bandani toka mumewe afariki, anataka kujua ina thamani gani, nianzie wapi?" Nimerudia maneno yaleyale mpaka mke wangu ameyakariri, bora niyaandike.

Mimi nilijifunzia mtaa wa Gerezani pale Dar, kwenye Peugeot 504 na Land Rover, na kule kipimo cha fundi ni kimoja tu, gari lililokufa limewaka au halijawaka. Huku nimefanya kazi miaka mingi kwa mzee mmoja wa Kimarekani ambaye anarudisha magari ya kale na pia anathamini, na kitu kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote kukisahau ni hicho kipimo cha Gerezani.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili tulienda kuangalia Packard Patrician ya 1956, ile V8, za mwisho mwisho kuundwa Detroit kabla jina halijafa, imelala kwenye gereji ya nyumba zaidi ya miaka 30. Bosi alikuwa nje anaongea na mke wa mwenye gari, mimi ndani na mwenye gari, jamaa ana hamu kama mtoto, ananiambia jaribu basi tusikie mlio. Damu ya Gerezani ikachemka. Nikafunga betri, nikamimina petroli kidogo kwenye kabureta, nikapiga stata. Ikakohoa mara mbili, ikashika kama sekunde 10, afu nikasikia tak tak tak tak, nikazima haraka lakini ndo hivyo tena. Kuna valvu zilikuwa zimeganda juu kwa sababu ya petroli ya zamani iliyogeuka gundi, pushirodi nne (vile vijiti vinavyosukuma valvu) zimepinda. Yaani gari ambayo dakika moja kabla ungeiandika "injini haijajaribiwa" sasa ni "injini imeharibika", na aliyeiharibu ni mthamini! Bosi alilipa yeye. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, tulipokaribia kufika ndo akaniambia, umeitwa kuhesabu, hujaitwa kuwasha.

Kwahiyo kama una haraka na hutasoma mpaka chini, chukua hiyo tu ukaendelee na shughuli zako. Gari ya kifahari iliyolala haithaminiwi kwa kinachong'aa wala kwa mlio, inathaminiwa kwa kilichopo na kisichopo, na kisichopo ndo kinauma zaidi.

Sasa niwape gari moja tu mwanzo mpaka mwisho, maana mifano kumi nusunusu haimsaidii mtu. Cadillac Eldorado Brougham ya 1957. Kwanza mjue ni nini, kwa sababu wengi mkisikia Eldorado mnadhani ni ileile. Mwaka 1957 kulikuwa na Eldorado Biarritz, hiyo ni ya kufungua juu, na Eldorado Seville ya milango miwili, hizo zilitoka kama 2,000 kila moja. Brougham ni mnyama mwingine kabisa. Milango minne, haina nguzo ya katikati, milango ya nyuma inafunguka kinyume, na juu bati lake ni stenlesi tupu iliyopigwa brashi, sio rangi. Mwaka 1957 zilitoka 400, mwaka 1958 zikatoka 304, jumla 704, basi. Bei yake mpya ilikuwa dola 13,074, wakati huo hela ya Rolls-Royce, na bado inasemekana Cadillac walipata hasara kwa kila moja. Za 1959 na 1960 nazo zinaitwa Eldorado Brougham lakini bodi zilijengwa Turin kwa Pinin Farina, 99 na 101, na hazina hilo bati la stenlesi. Usije ukaandika ripoti ya 1957 ukaweka bei za minada za 1959, nimeiona hiyo kwa macho yangu kwa mtu ambaye ana kadi ya biashara ya dhahabu.

Gari lenyewe lilikuwa kwenye banda la mbao shambani, saa moja na nusu hivi toka Columbus, Ohio. Mwenyewe bibi wa miaka themanini na kitu, mjane. Watoto wake wanataka kugawana mali, mwanasheria akasema tuletewe thamani ya gari. Hapo tu kabla hujatoka nyumbani uliza, thamani ya nini? Kuna thamani ya mirathi, hiyo ni bei ya soko siku aliyofariki mtu, sio leo. Kuna thamani ya bima, mara nyingi ni ile mnayokubaliana na kampuni kabisa kwamba gari likiungua watalipa kiasi hiki. Na kuna ya kuuza. Gari ni lilelile lakini karatasi ni tofauti, na ukichanganya mwanasheria wa upande wa pili atakukaanga.

Tulipofika bibi akatupa chai (chai ya barafu, miaka yote hii sijaizoea) akatuambia gari limelala toka 1968, mumewe alilipaki akasema msimu ujao nitalitengeneza, msimu haukuja. Bosi akaandika kwenye daftari "kwa maelezo ya mwenye mali, 1968". Hakuandika "limelala toka 1968". Ona hapo tofauti.

Ukifika bandani usiguse kitu. Piga picha kwanza, nyingi, mimi siku hizi sipigi chini ya 150, kila pembe, kila rafu ukutani, sakafu, hata vitu vilivyorundikwa juu ya gari. Vaa barakoa nzuri na glovu kabla hujafungua mlango wowote, sio mbwembwe hizo, panya wa mashambani huku mkojo na mavi yao vinaweza kukupa hantavirus na watu wanakufa kweli. Na usioshe gari! Mimi kwangu ni kichekesho lakini ndo biashara ilivyo, kuna wanunuzi wanalipia vumbi, wanataka picha ya gari likiwa na vumbi lake na kinyesi cha kuku, ukilifuta umewapunguzia utamu. Pia kuna sababu ya maana, vumbi kavu ukilisugua juu ya rangi ya miaka 60 ni kama umeshika msasa.

Afu matairi. Hapa nawaomba mpige magoti mpaka chini kabisa, tochi mkononi, utafute maandishi DOT (ni idara ya usafiri ya huku) ubavuni mwa tairi na namba zinazofuata. Namba hizo zilianza miaka ya 70 mwanzoni, na mpaka mwaka 1999 mwisho wake ni tarakimu tatu, mbili za kwanza ni wiki na ya tatu ni mwaka, kuanzia 2000 ndo zikawa nne. Nikafuta tope kwa kidole nikasoma 148. Wiki ya 14, mwaka unaoishia na 8. Tairi la 1968 halina namba hiyo, kwahiyo hiyo ni 1978, 1988 au 1998. Nikazunguka nyuma, stika kwenye pleti namba imeandikwa 79. Basi. Mtu hafungi matairi mapya kwenye gari analolipaki, hilo gari lilitembea mpaka 1978 au 79. Bibi hakudanganya jamani, ukikaa na kitu miaka 40 tarehe zinayeyuka. Ila kwa thamani ni miaka 10 ya chumvi zaidi, kwa sababu huku barabara zinamwagiwa chumvi kila msimu wa baridi na hiyo chumvi ndo inayokula chesisi. Angalia pia stika ya kubadilisha oili kwenye mlango, risiti chini ya siti, gazeti buti. Gari lina kumbukumbu kuliko mwenyewe.

Namba sasa. Kwenye Cadillac za miaka hiyo, namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini ndo namba ya gari, hakuna ile ya kwenye kioo mliyozoea. Ya Brougham 1957 inaanza na 5770, 57 ni mwaka na 70 ni aina. Hiyo ndo inatakiwa ifanane na kadi ya gari, huku wanaiita taito. Itakuwa imefunikwa na oili iliyochanganyika na vumbi imekuwa kama halua, chukua kitambaa na mafuta ya taa, futa taratibu. Usitumie brashi ya waya wala msasa hata kama bosi wako yupo mbali, ukiacha mikwaruzo karibu na namba mnunuzi yeyote mwenye akili atajiuliza nani alikuwa anachezea hapo na kwa nini. Afu kuna kibati kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, hicho ni cha bodi, kinaonyesha 7059X, namba ya bodi, na alama za rangi na za vitambaa vya ndani. Andika vyote kama vilivyo, usirekebishe kwa kubahatisha, kama herufi haisomeki andika haisomeki. Kumbukumbu za kiwandani za Cadillac za miaka hiyo zilitunzwa, karatasi ya gari husika inaweza kuombwa, na ikija ndo utajua kama rangi unayoiona ni ya kwake au mtu aliamua tu anapenda bluu.

Ya kwetu namba zilikuwa sawa, taito ipo, ila jina ni la marehemu. Hilo sio la mthamini kulitatua lakini liandike, maana kuna kijana ataona gari bei rahisi atalipa leo na kuja kugundua mwenye haki ya kusaini hajateuliwa bado na mahakama.

Nikafungua bonneti vizuri, mi nikafurahi, kabureta tatu zimejipanga kama wanafunzi mstarini, inapendeza kweli. Bosi akanuna. Akaniuliza kabureta ngapi? Tatu. Gari la mwaka gani? 57. Akaninyamazia nifikirie. Injini ya 1957 ni 365 za inchi, lita 6 hivi, nguvu farasi 325, ina kabureta mbili kubwa zenye midomo minne minne. Tatu zenye midomo miwili miwili ni za 1958, ambazo walizipa farasi 335. Kwahiyo mtu alibadilisha, na gari lilikuwa linatembea hivyo, na ukimwambia mtu wa kawaida atasema si ndo nguvu imeongezeka? Ndio, na thamani imepungua, kwa sababu sasa swali ni moja, za kwake ziko wapi? Nikaandika "kabureta na manifoldi sio za mwaka wa gari, za asili hazijaonekana" (manifoldi ni kile chuma kabureta zinakokalia juu ya injini). Hazijaonekana, sikuandika hazipo. Hiyo ilikuja kuniokoa, nitawaambia.

Injini yenyewe hatukuiwasha, na nyie msiwashe. Toa plagi, nusa, angalia rangi zake. Mwagia oili nyepesi kila silinda, acha siku nzima ukiweza, ingiza kamera ya waya uone kuta za silinda kama zina kutu. Ukitaka kujua kama imeshika, zungusha kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya mbele ya krenki, kidogo tu, ikigoma acha, imeshakujibu. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa nyeupe kama maziwa kuna maji. Fungua tanki unuse, petroli ya zamani inanuka kama vanishi, ukisikia hiyo harufu ujue tanki, mabomba, pampu na kabureta vyote vinashuka chini. Breki zilizopo usizihesabu kabisa, chukulia zote zitanunuliwa mpya.

Sasa springi. Hapa ndo Brougham inawatoa watu jasho. Ilitoka kiwandani na springi za upepo kote, vyumba vinne vya mpira badala ya koili, kompresa ya umeme, tanki la upepo, na valvu za kusawazisha gari likibeba watu. Kitaalamu ilikuwa mbele ya wakati wake, kivitendo ilikuwa inavuja, unalipaki usiku likiwa zuri asubuhi limelala tumbo chini kama ngamia. Kampuni yenyewe ikatoa vifaa vya kubadilishia kwenda koili za kawaida na wenye magari wengi wakabadilisha. Kwahiyo ukikuta koili usishtuke, ila uliza tena swali lilelile, vyumba na valvu za asili zimewekwa wapi? Na ukikuta bado ni ya upepo, usiingie hata mkono chini ya gari mpaka limekaa kwenye stendi. Hapo napo kuna mtego wake. Chesisi ya Cadillac kuanzia mwaka huo ina umbo la X, katikati imekutana kama bomba, pembeni hakuna mhimili wa chuma wa kuwekea jeki. Ukiweka jeki kizingiti cha mlango ulichozoea, unainua bati tupu, na kama lina kutu litakuja mkononi.

Na hivyo vizingiti ndo kipimo changu cha kwanza cha bodi kwenye gari hii, kwa sababu hakuna nguzo ya katikati ya kubeba kitu, milango yote inakuja kukutana kwenye kisiki kifupi tu pale chini. Funga milango polepole, angalia uwazi kati ya mlango wa mbele na wa nyuma kuanzia chini kwenda juu. Ukiwa mwembamba chini na mpana juu, au kinyume, gari limelegea katikati na ukarabati wake sio wa kupiga puti, ile ya kujazia bati. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, isiposhika kwenye chuma ujue kuna puti nene. Ya kwetu upande wa kulia ilikuwa safi, kushoto nyuma ya gurudumu sumaku ilianguka kama imechoka maisha.

Juu kwenye stenlesi sumaku haitakusaidia, tumia macho. Weka tochi pembeni mwanga utambae juu ya bati. Hiyo mistari ya brashi inatakiwa iende upande mmoja, mahali inapobadilika kuna mtu alisugua. Tulikuta kibonyeo kama sarafu ya shilingi mia, ngazi ya mbao ilikuwa imening'inizwa juu siku moja ikadondoka. Kwenye gari lililopakwa rangi, kibonyeo hicho ni nusu saa na puti, kwenye stenlesi huwezi kujaza ukapaka, lazima mtu anayejua akinyooshe kutoka ndani na arudishe brashi, na watu hao unawahesabu kwa vidole. Hilo bati, kioo cha mbele, milango, urembo wa pembeni, vyote ni vya Brougham tu, haviingiliani na Cadillac za kawaida. Injini na giaboksi utapata spea, wala visikuumize kichwa sana. Vijana wengi mnafanya kinyume, saa tatu kwenye injini, dakika tano kwenye kioo na urembo. Kioo cha mbele kikiwa na ufa, huo ufa mmoja unaweza kuzidi bei ya kufungua injini nzima.

Ndani sasa. Umeme kila mahali, madirisha, siti ya mbele yenye kumbukumbu, buti linajifungua na kujifunga lenyewe, kila kimoja na mota yake na rilei zake na waya ambazo panya wameshakula chakula cha jioni. Usiunganishe betri kujaribu, waya uliotafunwa chini ya kapeti kavu ni moto. Kapeti zenyewe ni za manyoya ya kondoo, nondo wanazipenda kuliko sisi, inua pembeni uangalie mizizi ya manyoya. Za kwetu zilikuwa na vipara.

Halafu kuna vikorokoro, na hapa ndo mtu asiyejua anapoteza maelfu bila kujua. Brougham iliuzwa na seti ya vitu vya mama. Kwenye boksi la dashibodi vikombe sita vyenye sumaku chini visidondoke, vya rangi ya fedha. Mahali pa sigara, poda, lipstiki, kitana, kioo, kidaftari, na siti ya nyuma kichupa cha manukato Arpège ya Lanvin. Vitu vidogo ambavyo watoto wamechezea, vimepotea, vimetupwa na majivu. Kuvitafuta kimoja kimoja leo, kwenye soko la vitu vya magari la Hershey kule Pennsylvania kila Oktoba au kwa wanachama wa Cadillac & LaSalle Club, utatoa jasho na hela. Nikafungua boksi la dashibodi. Kiota cha panya na kalamu. Nikaandika seti yote haijaonekana.

Tungeweza kuondoka hapo, na wathamini wengi wangeondoka. Bosi akarudi kukaa na bibi jikoni, akakubali glasi nyingine ya ile chai, akaanza kumuuliza habari za mumewe, sio za gari. Alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kutupa vitu? Bibi akacheka, akasema yule hajawahi kutupa hata msumari. Basi bosi akanigeukia, rudi bandani ukaangalie rafu. Nikarudi. Nilitumia saa mbili kwenye makopo ya rangi na maboksi ya bia, na chini ya rafu ya tatu, ndani ya gunia la viazi, nikakuta kabureta mbili za Carter zimefungwa kwenye gazeti, manifoldi yake iko chini, na kwenye boksi la pembeni vyumba vinne vya mpira na valvu za upepo. Mpira umekufa, lakini vipo! Ripoti ikabadilika na kupanda kwa hela ambayo siwezi kuipata kwa miezi kadhaa ya kazi. Ndo maana nawaambia rafu pigeni picha.

Kwenye bei sitawachosha. Tumia bei zilizouzwa, sio zinazoombwa, mtu anaweza kuomba hata milioni. Za minada angalia kama wamejumlisha kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi bei inayotangazwa imeijumlisha na muuzaji anapata pungufu. Brougham zilizorudishwa vizuri zimeshauzwa zaidi ya dola 100,000, hiyo namba ndo inawatia wazimu wenye mabanda, lakini ukirudisha moja toka kwenye hali kama ya hii yetu unaweza kutumia zaidi ya hapo na ukabaki na gari la bei ileile. Vitabu vya bei vya Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale, vinapanga hali ya gari 1 mpaka 4, 1 ndo bora, na hiyo 4 ni gari linalotembea. Lililolala liko chini ya hapo, usijipe moyo ukaanzia 4. Toa kiwango cha chini na cha juu, na ueleze ni kipi kingelisogeza.

Malipo yako yawe ya kudumu, kwa saa au kwa kazi, kamwe usichukue asilimia ya thamani. Miiko ya wathamini huku inakataza na hata mamlaka ya kodi ikipokea ripoti ya namna hiyo haiitaki. Na gari unalolithamini usilinunue, wala shemeji yako asilinunue. Usitaje bei ukiwa bado bandani hata wakubembeleze vipi, hiyo namba ya mdomoni ndo watakayoikumbuka maisha yao yote.

Wiki iliyofuata nikarudi mwenyewe kumpelekea bibi ripoti aisome kabla ya mwanasheria, nikawa nampitisha mstari kwa mstari. Tulipofika pale kwenye vikombe sita na chupa ya manukato, havijaonekana, akavua miwani. Vikombe gani? Nikamwelezea. Akainuka taratibu akishika meza, akaenda chumbani, akarudi na boksi la viatu. Vikombe vyote sita, viwili vimejaa vifungo vya nguo, kimoja kina sindano. Na kichupa, kimebaki tone la kahawia chini, alikuwa nacho kwenye droo miaka yote. Akanifungulia ninuse. Hakina harufu tena.

Nikahesabu, nikapiga picha, nikatoa kalamu nirekebishe. Akamwaga zile sindano mezani, akachukua kile kikombe akakirudisha mfukoni kwenye aproni, akaniambia hiki hakimo. Nikafuta sita nikaandika vitano.